China Southern, China Eastern au Air China: lipi lichaguliwe kwa safari ya China?

Ukitafuta tiketi ya kwenda China kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, utakutana na majina matatu yanayofanana hadi yachanganye. Wengi hukata shauri kwa kuangalia bei tu. Bei ni ya kuangaliwa, lakini isiwe ya kwanza. Mashirika haya matatu yote yanamilikiwa kwa sehemu kubwa na dola ya China, na kila moja lina pembe yake ya nchi. Ukichagua shirika, umeshachagua mji utakaoshukia, na mji huo ndio utakaoamua utalipa kiasi gani cha treni, hoteli na mzigo wa ziada kabla hujaanza shughuli iliyokupeleka.

Hapa tutakaa zaidi na China Southern, kwa sababu ndilo lenye abiria wengi kuliko wenzake na ndilo linaloruka moja kwa moja hadi Nairobi.

| | China Southern | China Eastern | Air China |
|---|---|---|---|
| Herufi za safari | CZ | MU | CA |
| Nyumbani | Guangzhou | Shanghai | Beijing |
| Vituo vingine vikubwa | Beijing Daxing, Urumqi | Kunming, Xi'an | Chengdu |
| Muungano wa mashirika ya ndege | hakuna, lilijitoa SkyTeam | SkyTeam | Star Alliance |

Tahadhari moja kabla hatujaendelea: China Airlines, herufi CI, si Air China. Ni shirika la Taiwan, na kitovu chake ni Taipei. Wapo wanaonunua tiketi yake wakidhani wanakwenda Beijing. Soma herufi mbili zilizo mbele ya namba ya safari, usitegemee jina.

Mgawanyo ulitoka wapi

Hadi miaka ya 1980, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya China (CAAC) ilikuwa msimamizi wa anga na pia mwenye ndege. Kisha shughuli ya kubeba abiria ikatengwa na kukatwa kimkoa: Beijing ikapata Air China, Shanghai ikapata China Eastern, Guangzhou ikapata China Southern, na mikoa mingine ikapata mashirika yake. Mwaka 2002 serikali ikayakusanya upya mashirika tisa yaliyokuwa chini ya CAAC katika makundi matatu. China Southern ikachukua China Northern ya Shenyang na Xinjiang Airlines ya Urumqi. China Eastern ikachukua China Northwest ya Xi'an na Yunnan Airlines ya Kunming. Air China ikachukua China Southwest ya Chengdu.

Ukiyajua hayo, huhitaji kukariri ramani ya safari. Anayekwenda Urumqi na nchi za Asia ya Kati aanze kuangalia China Southern. Wa Lhasa na Tibet aanze na Air China kupitia Chengdu, na wa Yunnan aanze na China Eastern. Shirika lililorithi marubani, karakana na nafasi za kutua za mji fulani ndilo lenye safari nyingi huko hadi leo. Safari nyingi maana yake ni kwamba ukikosa ndege ya asubuhi, ipo ya mchana.

China Southern ilikua kwa haraka. Iliuza hisa New York na Hong Kong mwaka 1997, kisha Shanghai mwaka 2003 (kwenye soko la New York shirika lilijiondoa lenyewe Februari 2023). Mwaka 2019 ilibeba abiria zaidi ya milioni 150 kwa mwaka mmoja, na ukihesabu kampuni zake tanzu, ikiwemo Xiamen Airlines ambayo inamiliki asilimia 55, ndege zake ni zaidi ya 900.

Lakini ukubwa huo umejengwa kwa ndege za kati zinazoruka mara nyingi, si kwa majitu. Ushahidi ni Airbus A380. China Southern lilikuwa shirika pekee la China kuwa nazo: tano, ya kwanza ikipokelewa Oktoba 2011, kila moja ikiwa na viti 506. Guangzhou haikuwa na abiria wa masafa marefu wa kutosha kuvijaza viti hivyo. Beijing ilikuwa nao, lakini Beijing ni uwanja wa nyumbani wa Air China, na utaratibu wa wakati huo haukuruhusu kwa urahisi shirika jingine la China kuingia kwenye njia ya mbali iliyokwisha kushikwa. Mwanzoni, ndege iliyoundwa kuvuka bahari ikawa inabeba abiria kati ya Guangzhou na Beijing. Zote tano zilistaafishwa mwaka 2022. Kazi ya mbali sasa hufanywa na Boeing 787, iliyoanza kuingia mwaka 2013, Airbus A350 na A330.

Lililofanikiwa ni kuifanya Guangzhou njia panda. Mwaka 2012 shirika lilianzisha safari ya London Heathrow na kuanza kuwauzia abiria wa Ulaya njia ya kwenda Australia na New Zealand kupitia Guangzhou. Msomaji wetu aliye London au Amsterdam na mwenye ndugu Perth au Melbourne, hili ndilo la kuangaliwa kwanza kati ya matatu haya.

Kutoka Afrika Mashariki

China Southern imekuwa ikiruka Guangzhou–Nairobi tangu Agosti 2015. Ni kilomita 8,700 hivi, saa 11 hewani, kidogo zaidi au pungufu kulingana na upepo. Juni 2019 iliongeza Changsha–Nairobi, mwezi uleule Changsha ilipoandaa kwa mara ya kwanza Maonyesho ya Uchumi na Biashara ya China na Afrika. Changsha watu huiruka bila kuifikiria, na wanakosea. Kutoka huko hadi Guangzhou Kusini kuna treni ya mwendo kasi ya saa mbili na nusu hivi, kwa hiyo tiketi za Guangzhou zikipanda, linganisha na Changsha pamoja na nauli ya treni. Siku za safari hubadilika mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, hivyo tazama ratiba ya msimu utakaosafiri, si ya msimu unaonunua.

Washindani halisi kwenye njia hii ni Kenya Airways na Ethiopian, pamoja na Air Tanzania yenye Boeing 787 kwa wanaoanzia Dar es Salaam. Wana faida moja kubwa: ukipata tatizo upande huu, ofisi iko karibu na lugha mnaelewana. China Southern inawashinda pale unapotakiwa kuendelea mbele ndani ya China kwa tiketi moja.

Kwa China Eastern na Air China, safari nyingi kutoka kwetu hupitia mji mwingine kwanza. Air China na Ethiopian wako pamoja Star Alliance, kwa hiyo Addis Ababa ndiyo njia ya kawaida. China Eastern na Kenya Airways wako SkyTeam.

Unakwenda kufanya nini?

Vitenge, nguo, mikoba, vipuri, taa, fanicha, vigae: hiyo ni Guangzhou na jirani zake. Foshan kwa fanicha na vigae, Guzhen kwa taa, Shenzhen kwa elektroniki. Mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika wamezoea kufikia na mawakala wa kontena wana ofisi, iko hukohuko Guangzhou. Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, huanza 15 Aprili na 15 Oktoba, kwa awamu tatu za siku tano hivi kila moja, na kila awamu ina bidhaa zake. Hakikisha awamu kabla ya kukata tiketi, kwa sababu anayetafuta vifaa vya umeme akifika kwenye awamu ya nguo amepoteza safari nzima. Kwa haya yote, China Southern ndilo jibu, na hatuoni sababu ya kuzunguka.

Yiwu, mji wa soko la bidhaa ndogondogo, ni habari nyingine. Watu hushukia Guangzhou kwa mazoea, kisha hukaa kwenye treni saa nyingi kwenda kaskazini, au hununua ndege ya ndani na kukamatwa na kilo. Anayekwenda Yiwu peke yake ashukie Shanghai au Hangzhou. Kutoka kituo cha treni cha Shanghai Hongqiao hadi Yiwu si zaidi ya saa mbili kwa treni nyingi za mwendo kasi, na kutoka Hangzhou ni chini ya saa moja. Hapo China Eastern ina nguvu, hata kama tiketi yenyewe ni ghali kidogo.

Wanafunzi na wanaofuata shughuli za ubalozi au wizara huko Beijing waanze na Air China. Chuo kikiwa Xi'an, tazama China Eastern. Kikiwa Shenyang au Dalian, rudi China Southern, kwa sababu ya ule urithi wa China Northern.

Mji mmoja, viwanja viwili

Hapa ndipo safari nyingi zinapovunjika. Beijing ina Capital (PEK), kaskazini-mashariki, na Daxing (PKX), kusini, uliofunguliwa Septemba 2019. Air China ilibaki Capital. China Southern ilihamia Daxing. China Eastern nayo ilihamishia sehemu kubwa ya safari zake Daxing, ila safari zake za Beijing–Shanghai zikabaki Capital. Kati ya viwanja hivi viwili weka saa moja na nusu hadi mbili kwa gari, bila kuhesabu foleni ya uhamiaji wala kusubiri mabegi.

Shanghai nako kuna Pudong (PVG), inakotua ndege nyingi za kimataifa, na Hongqiao (SHA), ya ndege nyingi za ndani, ambayo kituo chake kikubwa cha treni kimeshikana na Terminali 2. Mstari namba 2 wa treni ya chini ya ardhi unaviunganisha, lakini ni karibu saa mbili ukiwa na mabegi. Chengdu nako kuna Shuangliu (CTU) na Tianfu (TFU).

Guangzhou ina uwanja mmoja tu, Baiyun (CAN). China Southern iko Terminali 2, iliyofunguliwa Aprili 2018, na mstari namba 3 unakufikisha mjini kwa bei ndogo. Terminali 3 ilifunguliwa Oktoba 2025, kwa hiyo kama tiketi yako inachanganya mashirika, soma namba ya terminali kwa kila kipande cha safari. Anayekwenda China kwa mara ya kwanza peke yake, asiyesoma Kichina, tungempitisha Guangzhou hata kama si karibu zaidi na anakokwenda.

Ukiunganisha kutoka ndege ya kimataifa kwenda ya ndani, utapita uhamiaji na forodha kwenye mji wa kwanza, si wa mwisho. Muulize wakala wa kaunta ulikoanzia, akuonyeshe kwenye kibandiko cha begi herufi tatu za mji: kama ni CAN na wewe unakwenda Shenyang, begi litakusubiri Guangzhou na ni juu yako kulichukua. Saa mbili za kuunganisha zinauzwa sana, na kwa namna hii hazitoshi. Chukua tatu au nne.

Kuhusu viza: ruhusa ya kupita siku kumi, yaani saa 240, bila viza ni ya raia wa nchi zilizoorodheshwa, na pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Iliyo wazi kwa karibu kila pasipoti ni ya kupita ndani ya saa 24 ukiwa na tiketi iliyothibitishwa ya kwenda nchi ya tatu. Nchi ya tatu ina maana hiyohiyo: Nairobi–Guangzhou–Nairobi haihesabiki. China Southern hutoa malazi kwa baadhi ya abiria wa kuunganisha wanaosubiri muda mrefu Guangzhou. Omba wakati wa kununua, na hakikisha kwamba ruhusa yako ya kuingia inafunika usiku huo.

Kilo

Kwenye safari za kimataifa mizigo huhesabiwa kwa vipande: tiketi nyingi za daraja la kawaida za Afrika hutoa mabegi mawili ya kilo 23, kila moja likiwa na urefu, upana na kimo vinavyojumlishwa hadi sentimita 158. Kwenye safari za ndani ya China huhesabiwa uzito wote pamoja, na kawaida ya daraja la chini ni kilo 20.

Piga hesabu. Umetoka Nairobi na kilo 46, halafu umenunua tiketi ya ndani pembeni kwa sababu ilikuwa rahisi. Una kilo 26 za ziada. Kiwango kilichozoeleka ndani ya China ni asilimia 1.5 ya nauli kamili ya daraja la kawaida kwa kila kilo, na nauli kamili si ile ya punguzo uliyolipa wewe. Kilo 26 ni asilimia 39 ya nauli hiyo kamili, kaunta, taslimu au kadi. Tiketi ikiwa ya punguzo kubwa, inaweza kuizidi tiketi yenyewe. Dawa yake ni kuweka kipande cha ndani kwenye tiketi ileile ya kimataifa, ambapo kwa kawaida posho ya kimataifa huendelea nawe, na kusoma mstari wa mizigo kwa kila kipande kabla ya kulipa. Wakati wa kurudi na sampuli, gawa uzito kwenye mabegi mawili. Begi moja linalopita kilo 32 hukataliwa hata kama umekubali kulipia.

Pawabenki: tangu 28 Juni 2025, safari za ndani ya China haziruhusu pawabenki isiyo na alama ya 3C (ithibati ya lazima ya usalama ya China) inayosomeka wazi. Nyingi zinazouzwa kwetu hazina. Utaruka nayo kutoka Nairobi bila neno, utafika Guangzhou, kisha itabaki kwenye kapu la ukaguzi ukienda kupanda ndege ya Yiwu. Kikomo cha nguvu ni saa-wati (Wh) 100, na juu ya hapo hadi 160 unahitaji kibali cha shirika. Kukokotoa, zidisha mAh kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni saa-wati 74, inapita. Na siku zote iwe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi la chini.

Maili, chakula, ndege zenyewe

China Southern ilijitoa SkyTeam kuanzia mwanzo wa 2019, na haijaingia muungano mwingine. Ilichagua kuingia mikataba na shirika mojamoja. American Airlines lilikuwa limenunua asilimia 2.7 hivi ya hisa zake mwaka 2017 kwa dola milioni 200, na British Airways nao ni washirika. Kwa hiyo kadi yako ya SkyTeam haikupi huduma za muungano CZ. Anayesafiri mara nne kwa mwaka Nairobi–Guangzhou ajiandikishe Sky Pearl, mpango wa shirika lenyewe wa kukusanya maili (pointi za safari). Anayesafiri mara moja asihangaike nayo.

Chakula cha halali huagizwa kwa herufi MOML, angalau saa 24 kabla ya kuruka, katika mashirika yote matatu. Agiza kwa kila kipande cha safari, kwa sababu ombi la Nairobi–Guangzhou halihami lenyewe kwenda kipande cha pili.

Ndege: mashirika yote matatu yana Boeing na Airbus, na yote sasa yanarusha C919 iliyotengenezwa China. China Eastern ilianza Mei 2023, Air China na China Southern Septemba 2024. Ni ndege ya safari fupi, hivyo haitakuhusu kutoka Afrika. Kuhusu ajali, bora kusema wazi: China Eastern ilipoteza Boeing 737-800 tarehe 21 Machi 2022 huko Guangxi, watu 132 wakafa. Ajali ya mwisho ya China Southern iliyoua abiria ni ya Shenzhen mwaka 1997. Ya Air China ni ya Busan, 2002. Mashirika haya huruka maelfu ya safari kila siku, na hatuoni kwamba tofauti hizo zitoshe peke yake kumfanya mtu ahame shirika.

Kuchelewa

Guangzhou hupigwa na mvua za radi kuanzia masika na vimbunga kuanzia kiangazi cha huko, yaani Juni hivi, hadi Septemba na Oktoba. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya anga ya China iko chini ya jeshi, na njia za ndege za abiria ni nyembamba. Mvua ikiziba njia moja hakuna pa kuzungukia, basi ndege zinapangwa foleni ardhini. Ucheleweshaji hujilimbikiza kadiri siku inavyosonga, hivyo kwa kipande cha ndani chagua ndege ya asubuhi.

Kanuni za China zilizoanza 1 Januari 2017 zinatenganisha mambo mawili. Kosa likiwa la shirika, mfano ubovu wa ndege au upungufu wa wahudumu, shirika linagharamia chakula na malazi. Sababu ikiwa hali ya hewa au msongamano wa anga na uko mwanzo wa safari, shirika litakusaidia kupata hoteli lakini unalipa mwenyewe. Lakini ndege ikitua pasipopangwa kwa ajili ya hali hiyohiyo ya hewa, gharama inakuwa ya shirika. Dai kwa utulivu, na uombe karatasi yenye sababu ya kuchelewa. Bila hiyo, bima ya safari haitakusikiliza.

Mwisho, saa. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ndege ya 00:30 tarehe 15 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 saa tatu na nusu usiku. Kila msimu wapo wanaofika jioni ya tarehe 15 na kukuta ndege iliondoka usiku uliotangulia. Andika kwa mkono juu ya tiketi siku na saa ya kuondoka nyumbani, kwa Kiswahili, na umpe nakala anayekupeleka uwanjani.